AutoCAD, QCAD, LibreCAD, FreeCAD au SketchUp: ipi itasikia ombi la mchoraji wa Unguja na Pemba?

Anayetafuta programu ya kuchorea ramani kwanza huulizwa ana pesa ngapi, kisha laptopu yake ina nguvu gani. Maswali hayo hayaepukiki, ila lipo la tatu linalosahauliwa: siku programu itakapokukera, na itakukera tu, utamwambia nani, na huyo ana sababu gani ya kukusikiliza? Programu hizi tano zinapishana zaidi hapo kuliko katika kuchora mstari. Tumezipima kwa kero zinazotoka katika kazi za hapa kwetu: nyumba za tofali za Mwanakwerekwe na Fumba, majumba ya mawe ya Mji Mkongwe, viwanja vinavyokuja na koodineti za UTM (namba za ramani zinazohesabiwa kwa mita), na umeme unaoondoka bila ya kuaga. Katika jedwali, DWG ni faili la mchoro la AutoCAD, DXF ni faili la kubadilishana michoro baina ya programu, na GitHub ni tovuti ambako programu hutengenezwa hadharani.

| Programu | Faili la DWG | Kuiongezea kitu mwenyewe | Ombi linapelekwa wapi |
|---|---|---|---|
| AutoCAD na LT | ndilo faili lake | AutoLISP. Kwa LT, tangu toleo la 2024 | kwenye kumbi za Autodesk, mtengenezaji wake, kwa kura |
| QCAD | Professional, ya kulipia, inasoma na kuandika. Community, ya bure, ni DXF tu | skripti za ECMAScript | kwenye orodha ya kasoro ya watengenezaji |
| LibreCAD | inasoma baadhi, haiandiki | plagini za C++ | GitHub |
| FreeCAD | kwa kigeuzi cha nje | makro za Python | GitHub |
| SketchUp | Pro inasoma na kutoa. Free haitoi | Ruby, katika toleo la kompyuta | jukwaa la Trimble, mmiliki wake |

Kwa nini maombi hukwama

Chukua mifano miwili, kwa sababu ndiyo inayoonyesha tabia ya kila upande.

AutoLISP, lugha ndogo ya kuandikia amri zako mwenyewe, imo ndani ya AutoCAD tangu 1986. Mwaka 1993 Autodesk ikatoa LT, toleo la bei nafuu, bila ya lugha hiyo. Watumiaji wa LT waliiomba kwa miaka na miaka. Kitaalamu hapakuwa na kizuizi kikubwa, maana kazi ilikwisha fanyika zamani. Kizuizi kilikuwa cha biashara: LT ikipata AutoLISP, nani atanunua ile kamili? Ilingojewa hadi toleo la 2024.

Upande wa pili ni FreeCAD. Kwa miaka mingi ilikuwa na ugonjwa mmoja mbaya. Ukichora ukuta, ukabandika dirisha kwenye uso wake, kisha ukarudi nyuma kubadilisha umbo la ukuta, dirisha lilirukia uso mwengine au kazi nzima ikageuka nyekundu. Sababu ni kwamba programu ilizipa nyuso majina kwa kuzihesabu, uso wa 6, uso wa 7, na umbo likibadilika hesabu nayo inahama. Hakuna aliyekataa kulitibu tatizo hilo. Dawa yake ilikuwapo kwa miaka kadhaa katika nakala ya pembeni ya mtengenezaji mmoja, lakini kuihamishia kwenye programu yenyewe kulihitaji watu wa kuipitia hatua kwa hatua. Iliingia katika toleo la 1.0, Novemba 2024.

Kwa hivyo usidhani kwamba cha bure kinasikiliza haraka na cha kulipia kinapuuza. Kwa mwenye kampuni, ombi lako linapimwa kwa soko. Kwa programu huria, ambayo yeyote anaweza kuitazama ndani na kuirekebisha, linapimwa kwa mikono iliyopo. Hilo linatuhusu sana sisi tulio wachache. Panapopigwa kura, visiwa vyetu havitashinda. Panapohitajika faili moja dogo linaloonyesha kasoro waziwazi, mchoraji wa Wete ana uzito sawa na wa Berlin.

Na mtu asiyetaka kungoja yeyote atazame sehemu ya jedwali yenye kichwa cha kuiongezea kitu mwenyewe. Mfano wake ni kupanga boriti za dari. Amri ya kawaida ya kunakili kwa safu inataka idadi na nafasi. Fundi anakupa urefu wa chumba na nafasi ya juu kabisa inayoruhusiwa, na anataka boriti ya mwanzo na ya mwisho zisigusane na ukuta. AutoLISP fupi, au makro ya Python katika FreeCAD, inakuuliza pointi mbili na nafasi ya juu, inagawa urefu, inapandisha jawabu hadi namba nzima ya juu yake, kisha inarekebisha nafasi. Ni kazi ya mchana mmoja kwa anayejua, na hakuna mtengenezaji wa nje atakayekuandikia kitu cha namna hiyo. LibreCAD ndiyo dhaifu hapa: plagini za C++ zinahitaji mtu wa kuandika programu hasa, si mchoraji.

Faili la DWG, mahali ugomvi unapoanzia

Mhandisi wa Dar es Salaam anakutumia DWG. Anataka DWG irudi. Jambo hili peke yake linaamua uchaguzi wa ofisi nyingi, hata kabla ya kufika kwenye maombi.

Kabla hujalaumu programu, jua faili ni la toleo gani. Lifungue kwa Notepad, usome herufi sita za mwanzo, kisha ulifunge bila ya kuhifadhi. AC1015 ni muundo wa 2000, AC1018 wa 2004, AC1021 wa 2007, AC1024 wa 2010, AC1027 wa 2013, na AC1032 wa 2018, ambao ndio AutoCAD za baada ya hapo zimeendelea kuutumia. LibreCAD ikikwama kwenye AC1032, mwambie mwenzako ahifadhi kama DXF ya 2007 au 2000, na mara nyingi shida huishia hapo.

Mwenzako asipopatikana, tumia ODA File Converter, kigeuzi cha bure cha Open Design Alliance. Weka mafaili katika folda moja, tengeneza folda ya pili iliyo tupu, chagua DXF ya 2007 kama matokeo, washa ukaguzi, kisha anzisha. Usiweke folda ya kuingizia na ya kutolea ikawa moja. FreeCAD nayo inaweza kukitumia kigeuzi hicho hicho: nenda Edit, Preferences, Import-Export, kisha DWG, na uonyeshe kilipo. Ukishaweka hivyo DWG inafunguka kama faili jengine, ingawa ndani inapitia DXF kwanza, na bloku (vipande vya mchoro vinavyotumika tena na tena) zenye mbwembwe za AutoCAD zinaweza kufika zimekufa.

QCAD Professional inasoma na kuandika DWG yenyewe, unailipia mara moja, na bei yake ni chini ya usajili wa mwezi mmoja wa AutoCAD kamili. Angalizo moja: ukiipakua QCAD unapewa Professional ya majaribio, inayojifunga kila baada ya dakika 15. Watu wengi huiacha hapo hapo wakidhani ndiyo tabia yake. Ondoa viongezo vya majaribio kwa kufuata maelekezo inayotoa yenyewe, na inabaki Community, ya bure na isiyojifunga, ila bila ya DWG.

Kosa linalofuatana na DWG ni la vipimo. Mlango wa milimita 900 ukisoma 35.43, faili limechorwa kwa inchi; likuze kwa 25.4. Ukisoma 0.9, ni mita. Likuze kwa 1000. Pima mlango mmoja unaoujua kabla ya kugusa kitu chengine chochote. Hili si la kulipeleka kama kasoro, na watengenezaji wamechoka kulijibu.

Chumba cha Mji Mkongwe kisicho na pembe mraba

Hapa ndipo programu zinapoachana kwelikweli. Vyumba vya majumba ya mawe ni vyembamba, mara nyingi karibu na mita 3, kwa sababu upana uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Kuta ni nene, za mawe na chokaa, na hazikunyooka. Ukipima upana na urefu tu ukachora mstatili, utagundua kosa siku dari itakapokataa kuingia.

Njia salama ni kupima pande nne na pembe kwa pembe mbili. Tuseme chumba chenye kona A, B, C na D kimetoa vipimo hivi: AB 3050, BC 6420, CD 2980, DA 6370, na kutoka A hadi C 7100, vyote kwa milimita.

Katika FreeCAD, fungua Sketcher, chora umbo la pande nne linalofanana kwa jicho na chumba, kisha mstari wa A hadi C kama mstari wa usaidizi. Ifunge kona A kwenye sifuri, laza AB usawa, halafu andika vipimo vitano. Pointi nne zina uhuru wa njia 8: kona iliyofungwa inaondoa 2, usawa unaondoa 1, urefu mara tano unaondoa 5. Kikibaki sifuri mchoro unageuka kijani. Sasa ongeza kipimo cha B hadi D, lakini kiwe cha kusoma tu, kisichoamrisha. Kitakuonyesha karibu na 7040. Rudi kwenye daftari: tepu ikiwa ilisema 7040 au 7045, umepima vizuri. Ikiwa ilisema 7100, kuna upande mmoja uliosomwa vibaya, na ni nafuu kulijua hilo ungali Shangani kuliko ukiwa umesharudi ofisini. Ukipuuza lile la kuchora kwanza umbo linalofanana na chumba, kona D inaweza kuangukia upande wa pili wa mstari AC, na programu itakuona huna kosa, maana vipimo vyote vimetimia.

AutoCAD kamili nayo ina vipimo vinavyoamrisha. AutoCAD LT, QCAD na LibreCAD zinafika pale pale kwa njia ya zamani: duara la 7100 kutoka A, duara la 6420 kutoka B, makutano yake ni C, kisha duara la 6370 kutoka A na la 2980 kutoka C, makutano ni D. Pima B hadi D. Inachukua dakika chache zaidi kwa kila chumba, na kipimo kikibadilika unaanza upya. Kwa jumba la vyumba 20 hizo dakika zinaonekana.

SketchUp usiitumie kwa njia hiyo ya duara. Duara lake ni poligoni ya pande 24 usipobadilisha. Kwenye nusudiameta ya 7100, katikati ya upande mmoja iko ndani ya duara la kweli kwa milimita 61 hivi, kwa hivyo makutano yanaweza kukosea kwa sentimita kadhaa huku yakionekana sahihi kabisa kwenye kioo. Ukilazimika, andika 360 kama idadi ya pande mara tu baada ya kuchora duara. Kosa linashuka chini ya milimita 1. Hili ni umbile la programu, inafikiri kwa nyuso bapa, na tusingemshauri mtu kupoteza wino kuomba libadilishwe.

Kiwanja chenye koodineti za UTM

Mpimaji anakuletea kiwanja kwa Arc 1960, mfumo wa ramani unaotumika Afrika Mashariki, UTM kanda ya 37 kusini. Mjini Unguja namba zake zinakuwa karibu na 521,000 (mashariki) na 9,319,000 (kaskazini). Chake Chake karibu na 585,000 na 9,420,000. Unaingiza, na mistari inaanza kutetemeka ukisogeza picha, au kona mbili zinaonekana zimegongana.

Programu huhifadhi namba kwa usahihi wa tarakimu 15 hivi, lakini sehemu inayochora kwenye kioo mara nyingi hutumia namba za biti 32, zenye tarakimu 7 tu. Kwa namba ya milioni 9.3, hatua ndogo kabisa ya biti 32 ni mita 1 kamili. Kwa 521,000 ni sentimita 3 hivi. Kwa 585,000 ya Pemba ni sentimita 6. Ndiyo maana mtetemeko unakuwa mbaya zaidi upande wa kaskazini na kusini kuliko mashariki na magharibi. FreeCAD na SketchUp zinaumia hapa waziwazi. AutoCAD inastahamili zaidi, ingawa mistari ya kujaza ukuta huanza kufanya ukaidi ikiwa mbali sana na sifuri.

Dawa ni moja kwa zote: chagua namba nzima iliyo karibu na kiwanja, mfano 521,000 na 9,319,000, hamisha kila kitu kwa kiasi hicho kuja sifuri, na andika namba hizo mbili ndani ya mchoro wenyewe, kwenye leya (tabaka) yake. Usiziandike kwenye daftari peke yake. Kabla ya kumrudishia mpimaji, hamisha kinyume. Atakayeomba programu ifanye hivi yenyewe na kukumbuka uhamisho, anaomba kitu cha maana, na koodineti za Unguja ni jaribio zuri kwa sababu milioni 9 za nusu ya kusini ya dunia zinaitoa kasoro nje upesi kuliko za nchi zilizo kaskazini ya ikweta, kwa mfano Ujerumani, ambako kaskazini huanzia sifuri na si milioni 10.

Umeme, leseni na bando

AutoCAD hujihifadhi kila dakika 10 usipobadilisha mpangilio huo. Andika SAVETIME, weka 5. Umeme ukikatika, tafuta faili lenye mwisho wa .sv$ kwenye folda ya muda, libadilishe mwisho liwe .dwg, lifungue. Faili la .bak lililo pembeni ya mchoro ni hali ya kabla ya kuhifadhi kwa mwisho, si ya sasa. Mchoro ukiwa umeharibika, jaribu RECOVER. FreeCAD na LibreCAD nazo zina kujihifadhi, ila ingia kwenye mapendeleo uhakikishe kumewashwa na dakika hazikuwekwa nyingi.

SketchUp Free inafanyia kazi ndani ya kivinjari. Umeme ukiondoka na rauta nayo imezimika, laptopu yenye betri kamili haikusaidii. Kwa Pemba ambako mtu anafanya kazi kwa bando la simu, hiyo ni sababu tosha ya kuiacha kuwa chombo cha kumwonyesha mteja tu. AutoCAD inachorea nje ya mtandao, lakini usajili unataka kuingia intaneti angalau mara moja ndani ya siku 30, na leseni mpya za kudumu hazikuuzwa tena tangu 2016. QCAD, LibreCAD na FreeCAD haziulizi chochote zikishasakinishwa.

Karatasi na nakshi

LibreCAD na QCAD Community hazina kurasa za kupangia michoro ya skeli tofauti. Unachora fremu ya A1 ikiwa imekuzwa: kwa 1:100, milimita 841 kwa 594 zinakuwa mita 84.1 kwa 59.4. Inatosha kwa ramani ya skeli moja. QCAD Professional na AutoCAD zina kurasa zenye madirisha, FreeCAD ina TechDraw, SketchUp inahitaji LayOut ya Pro.

Kwa seremala wa milango ya nakshi mwenye mashine ya kukata, shida ni mikunjo. Mashine nyingi hazisomi mikunjo ya spline katika DXF, zinataka mistari na tao. Geuza kabla ya kutoa faili, na kata kipande cha mfaa kwenye ubao wa bei rahisi kwanza. FreeCAD ina sehemu yake ya CAM inayotoa maelekezo ya mashine bila ya programu nyengine.

Nani achukue ipi

Ofisi ya watu wawili watatu inayochora nyumba za kawaida na kupokea DWG mara kwa mara: QCAD Professional. Hilo ndilo pendekezo letu la kwanza, na tunalisema bila ya kusitasita. Ni nyepesi, haikudai kila mwaka, na orodha yake ya kasoro inasomwa na watu wale wale wanaoiandika programu yenyewe.

Ofisi inayobadilishana mafaili na wahandisi wa nje kila siku, hasa yenye bloku za AutoCAD zinazobadilika umbo, ilipe AutoCAD. LT sasa inatosha wengi baada ya kupata AutoLISP. Wenye rundo la AutoLISP za zamani wasiotaka usajili waitazame BricsCAD, inayoziendesha nyingi na inauzwa pia kwa leseni ya kudumu.

Wapimaji wa majumba ya Mji Mkongwe: FreeCAD, toleo la 1.0 au la baadaye, si chini yake. Itakutesa mwezi wa kwanza. Mwanafunzi wa Taasisi ya Karume au SUZA aombe leseni ya elimu ya Autodesk, ya bure na ya kuhuishwa kila mwaka, lakini asichoree kazi ya malipo humo. Pembeni ajifunze FreeCAD. Fundi mwenye laptopu kongwe na kazi ya 2D tu: LibreCAD inamtosha, alimradi hadaiwi DWG.

Kuandika ombi likasomwa

Tafuta kwanza kama lipo. Likiwepo katika GitHub, bonyeza alama ya kidole gumba na uongeze faili lako. Usiandike "na mimi pia". Kitu kimoja, ombi moja. Taja toleo la programu na la mfumo wa kompyuta. Katika FreeCAD fungua Help, About FreeCAD, na kitufe cha kunakili kinakupa vyote. Kiingereza chepesi kinatosha, sentensi fupi, na picha mbili: unachokiona na unachokitaka.

Eleza tatizo kabla ya dawa. "Boresheni uchapishaji, ni mbaya" haina wa kuijibu. Linganisha na hili, kwa LibreCAD:

"Nachora nyumba kwa milimita. Nataka sakafu kwa 1:100 na ngazi kwa 1:20 kwenye karatasi moja ya A3. Sasa nanakili ngazi na kuikuza mara 5, kisha naandika vipimo kwa mkono kwa sababu vipimo vya nakala vinasoma mara 5 zaidi: kina cha kidato cha 280 kinaandikwa 1400. Ngazi ya asili ikibadilika, nakala haifuati. Nimeambatisha faili lenye vidato vinne tu."

Msomaji wake anajua nani anaumia, kwa namba gani, na atalipima vipi akishalitengeneza. Anaweza hata kuamua kwamba dawa si kurasa mpya, ni kipimo kinachojua skeli yake, na hilo lingekuwa rahisi zaidi kufanyika.

Faili liwe dogo kabisa: futa leya baada ya leya mpaka kasoro inakaribia kutoweka, urudishe ya mwisho. Kisha futa jina la mteja, namba ya kiwanja na muhuri kwenye fremu, na kama umetumia koodineti za kweli zibadilishe tarakimu za mwisho. Faili likishapanda GitHub linaonekana na kila mtu. Ombi likijibiwa kwa kuambiwa ujaribu toleo la majaribio, lipakue liwe pembeni ya lile unalolitumia, ulifungulie nakala ya mchoro, kamwe si mchoro wenyewe, kwa sababu faili lililohifadhiwa na toleo jipya huenda lisifunguke tena katika la zamani.